Dua na dawa: Imani ya familia ina nafasi gani mtoto anapopewa tiba ya saratani iliyo bado kwenye majaribio?

Mwezi Aprili mwaka 2012, msichana mdogo aitwaye Emily Whitehead alikuwa amelazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi cha Hospitali ya Watoto ya Philadelphia, mashariki mwa Marekani, akipumua kwa msaada wa mashine. Alikuwa na umri wa miaka 6. Siku chache kabla ya hapo alikuwa ametiwa mwilini tiba ambayo hakuna mtoto aliyewahi kuipokea kabla yake. Madaktari hawakuwa na mfano wa kuutazama, na wazazi wake, Tom na Kari Whitehead, hawakuwa na mzazi mwenzao wa kumuuliza mambo yalikwendaje kwake.

Kisa hicho kimesimuliwa mara nyingi tangu wakati huo, hasa kwa sababu mtoto huyo alipona. Hata hivyo, ndani yake yamo maswali ambayo familia nyingi zenye mtoto mgonjwa hujiuliza kimya kimya, ziwe Philadelphia, Kampala, Kigali au Bujumbura. Mzazi anayemwamini Mungu afanye nini pale dawa zilizozoeleka zinapokwisha? Je, kukubali tiba ya majaribio ni dalili ya imani haba? Na mtoto asipopona, je, dua zilikuwa na upungufu?

Makala hii inaeleza ugonjwa wenyewe, tiba hiyo ilivyofanya kazi, na nafasi ambayo imani ilikuwa nayo katika safari ya familia hiyo.

Ugonjwa unaoanzia ndani ya mifupa

Lukemia, ambayo wengi huiita saratani ya damu, huanzia kwenye uboho, yaani ile nyama laini iliyomo ndani ya mifupa ambamo damu hutengenezwa. Kwa kawaida uboho hutoa seli nyekundu zinazobeba hewa ya oksijeni, seli nyeupe zinazopigana na maradhi, na chembe sahani zinazogandisha damu. Katika lukemia, aina moja ya seli nyeupe huanza kuongezeka bila kukoma kabla ya kukomaa. Seli hizo hazifanyi kazi yoyote ya kinga, bali huchukua nafasi ya seli nzuri.

Ndiyo maana dalili zake huweza kumdanganya mzazi. Mtoto hupauka na kuchoka kwa upungufu wa damu. Hupata homa za mara kwa mara, hutokwa na damu puani au kwenye fizi, huota madoa ya kuvia damu bila kuumia, na wakati mwingine hulalamikia maumivu ya mifupa. Katika maeneo yenye malaria, dalili kadhaa kati ya hizo hufanana na malaria, na miezi muhimu huweza kupotea kabla ya damu kupimwa kwa kina.

Aina inayowapata watoto zaidi ni lukemia kali ya limfu. Hadi miaka ya 1940, mtoto aliyeipata alikuwa hafiki mbali, na wengi walifariki dunia katika muda wa miezi michache. Mwaka 1948, Dakta Sidney Farber wa mjini Boston alichapisha matokeo ya dawa iitwayo aminopterini, iliyowapa baadhi ya watoto nafuu ya muda. Nafuu hiyo haikudumu, lakini ilionyesha kwamba ugonjwa huo ulikuwa unaweza kurudishwa nyuma kwa dawa. Kutokana na hatua hiyo na nyingine nyingi zilizofuata, leo katika nchi tajiri watoto zaidi ya wanane kati ya kumi wenye ugonjwa huo huponywa kwa kemotherapi, yaani mchanganyiko wa dawa za kuua seli za saratani unaotolewa kwa muda wa miaka miwili hadi mitatu.

Kila dawa iliyo kwenye orodha ya matibabu ya kawaida ya lukemia leo, wakati fulani ilikuwa ya majaribio. Kulikuwa na mtoto aliyeipokea kwanza, na kulikuwa na wazazi waliokubali.

Safari ya familia ya Whitehead

Emily aligunduliwa kuwa na lukemia mwezi Mei 2010, akiwa na umri wa miaka 5. Familia yake iliishi Philipsburg, mji mdogo katika jimbo la Pennsylvania, na baba yake alikuwa fundi wa nyaya za umeme. Matarajio ya awali yalikuwa mazuri, kwani aina yake ya lukemia ni miongoni mwa zile zinazotibika zaidi.

Lakini safari haikuwa nyepesi. Mapema katika matibabu, kinga ya mwili wake ikiwa imeshuka, alipata maambukizi makali ya miguu yaliyokaribia kusababisha akatwe miguu yote miwili. Alipona hayo na kuendelea na dawa. Kisha, mwezi Oktoba 2011, saratani ikarudi. Mpango ukawa ni kumpandikizia uboho wa mtu mwingine, na kwa hilo ilibidi kwanza ugonjwa udhibitiwe kwa dawa kali zaidi. Mwezi Februari 2012, kabla upandikizaji haujafanyika, saratani ikarudi kwa mara ya pili.

Hapo ndipo njia zinazofahamika zilipokuwa zimekwisha. Kuongeza kemotherapi kulikuwa na uwezekano mdogo wa kufaulu na madhara makubwa. Kumpeleka nyumbani akapunguziwe maumivu hadi mwisho lilikuwa ni jambo ambalo wazazi hawakuwa tayari kulikubali. Njia ya tatu ilikuwa jaribio lililokuwa likifunguliwa kwa watoto wakati huo huo huko Philadelphia. Tiba hiyo ilikuwa imejaribiwa kwa watu wazima wachache tu kuanzia mwaka 2010.

Tom Whitehead ameeleza hadharani mara nyingi kwamba alisali katika kipindi hicho chote na kwamba hakuacha kuamini kuwa binti yake angepona. Hata kitabu ambacho wazazi hao walikichapisha mwaka 2020 kinaitwa "Praying for Emily", na jina lake refu linataja imani, sayansi na miujiza kwa pamoja. Linalostahili kutazamwa ni jinsi imani hiyo ilivyotumika. Wazazi hao walipiga simu, waliuliza maswali, walitafuta maoni ya hospitali ya pili, na walisafiri kumpeleka mtoto mahali penye tiba. Dua na kutafuta vilikwenda pamoja.

Tiba ilivyofanya kazi

Tiba aliyopewa Emily ilitengenezwa katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania na kundi la watafiti lililoongozwa na Dakta Carl June. Kwa watoto, jaribio liliongozwa na Dakta Stephan Grupp wa Hospitali ya Watoto ya Philadelphia.

Kwa maelezo mepesi, ni hivi. Mwili wa binadamu una askari wake, seli nyeupe zijulikanazo kama seli za T, ambazo huwinda na kuua seli zilizoambukizwa au zilizoharibika. Tatizo la saratani ni kwamba imetokana na mwili wenyewe, hivyo askari hao mara nyingi hupita karibu nayo bila kuitambua kuwa adui. Watafiti walitaka kuwapa askari hao macho mapya.

Kwanza, damu ya mtoto hupitishwa kwenye mashine inayochuja seli za T na kuirudisha damu iliyobaki mwilini. Seli hizo hupelekwa maabara, na humo huingiziwa maelekezo mapya ya kijenetiki. Chombo kinachobeba maelekezo hayo hushangaza wengi: ni kirusi kilichotengenezwa kutokana na virusi vya UKIMWI, kikiwa kimeondolewa kila sehemu inayoweza kusababisha ugonjwa. Watafiti walikichagua kwa sababu ya ustadi wake wa kuingia ndani ya seli za T. Baada ya kupokea maelekezo, seli huota juu yake kipokezi kinachotambua alama iitwayo CD19, ambayo hupatikana kwenye seli za lukemia ya aina hiyo.

Kisha seli hizo huzalishwa maabara hadi zifikie mamilioni mengi, na hurudishwa kwa mtoto kupitia mshipa, kama mtu anayeongezewa damu. Zikishaingia, huendelea kuzaliana zenyewe mwilini na kuua kila seli yenye alama ile.

Gharama mojawapo ya ushindi huo ni kwamba seli nzuri za B, zinazotengeneza kingamwili, nazo hubeba alama ya CD19. Huuawa pia. Kwa hiyo mgonjwa aliyepona huweza kuhitaji kuongezewa kingamwili kutoka kwa watu wengine kwa muda mrefu.

Usiku ambao hakuna aliyeujua mwisho wake

Emily alipewa seli zake katikati ya mwezi Aprili 2012. Siku chache baadaye homa ilipanda, shinikizo la damu likashuka, na mapafu yakashindwa kazi. Aliwekwa kwenye mashine ya kupumulia na kulazwa usingizi wa dawa. Seli zilikuwa zinafanya kazi, lakini vita vyake na saratani vilikuwa vimeamsha tufani ya kemikali za uchochezi ambayo ilikuwa inamuua mtoto mwenyewe. Dawa za kawaida za kutuliza kinga ya mwili hazikutosha.

Baba yake amesimulia kwamba waliambiwa uwezekano wa binti yao kuiona asubuhi ulikuwa mmoja kati ya elfu. Familia iliwaomba watu wa mji wao, na wengi ambao hawakuwafahamu kabisa, wamkumbuke mtoto huyo katika sala.

Wakati huo huo madaktari walipima damu yake wakitafuta ni kemikali ipi iliyopanda. Majibu yalionyesha kwamba moja kati ya hizo, interlukini-6, ilikuwa juu kupita kiasi. Carl June aliifahamu kemikali hiyo kwa sababu ya mambo ya nyumbani kwake: binti yake mwenyewe alikuwa na ugonjwa wa baridi yabisi unaowapata watoto, na kwa ajili hiyo alikuwa amefuatilia dawa mpya iitwayo tosilizumabu, inayoizuia interlukini-6. Dawa hiyo ilikuwa imeidhinishwa kwa watoto wenye aina ya ugonjwa huo mwaka mmoja tu kabla. Hakuna aliyekuwa ameitumia kwa tatizo kama la Emily.

Alipewa. Katika muda wa saa chache homa ilianza kushuka na hali yake ikatengemaa. Aliamka tarehe 2 Mei 2012, siku aliyotimiza umri wa miaka 7. Siku chache baadaye vipimo vya uboho vilionyesha kwamba saratani haikuonekana tena.

Muumini atasema kuwa dua ilijibiwa. Mwanasayansi atasema kuwa kipimo sahihi kilifanywa kwa wakati na mtu mwenye ujuzi alikuwa karibu. Kauli hizo mbili hazilazimiki kugombana, na wazazi wa Emily wamezishika zote mbili. Jambo moja tu ni la hakika: kama wangekuwa wamebaki nyumbani wakisubiri, tosilizumabu isingekuwepo kando ya kitanda.

Mtoto wa pili

Masimulizi mengi huishia hapo. Lakini ripoti ya kitabibu iliyochapishwa mwaka 2013 ilieleza habari za watoto wawili. Wa pili alikuwa msichana mwenye umri wa miaka 10. Naye alipewa tiba ile ile, naye saratani yake ilitoweka. Takriban miezi miwili baadaye ilirudi, safari hii ikiwa na seli zisizobeba tena alama ya CD19. Askari waliotengenezwa kwa uangalifu mkubwa hawakuwa na kitu cha kukitambua.

Hakuna sababu ya kudhani kwamba mtoto huyo alipendwa kidogo zaidi au aliombewa kidogo zaidi. Tofauti ilikuwa katika seli zake. Ukweli huu ni mzito, na ni muhimu usemwe wazi, kwa sababu wazazi waliopoteza mtoto mara nyingi hubebeshwa mzigo wa pili: jirani au ndugu humwambia mama kwamba angeamini zaidi, angefunga siku nyingi zaidi, mtoto angepona. Maneno hayo hayana msingi katika tiba, na viongozi wengi wa dini, Waislamu kwa Wakristo, huyakataa.

Ripoti ya watoto hao wawili ilifungua mlango. Majaribio makubwa zaidi yalifuata, na tarehe 30 Agosti 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha tiba hiyo, kwa jina la Kymriah, kwa watoto na vijana wa hadi umri wa miaka 25 ambao lukemia yao imekataa dawa au imerudi mara mbili au zaidi. Kati ya wagonjwa 63 waliotathminiwa, asilimia 83 hawakuonekana kuwa na saratani katika miezi mitatu ya mwanzo. Siku hiyo hiyo tosilizumabu iliidhinishwa kwa kutibu tufani ile ya uchochezi. Kilichojifunzwa kando ya kitanda cha mtoto mmoja kiligeuka kuwa kinga ya maelfu waliofuata.

Hadhari haijaondoka. Mwezi Januari 2024 mamlaka hiyo iliagiza tiba za aina hii ziwekewe onyo kali, baada ya baadhi ya wagonjwa kupata saratani mpya inayotokana na seli za T. Ni hatari adimu, lakini ni lazima familia ielezwe.

Imani husaidia wapi?

Jaribio la hatua ya kwanza, kama lile la mwaka 2012, lengo lake kuu ni kujua kama tiba ni salama na kipimo chake kiwe kipi. Kumponya anayejaribiwa ni tumaini, si ahadi. Watafiti wa maadili ya tiba wameona kwamba wazazi wengi hutia saini wakidhani mtoto wao anapewa dawa bora zaidi iliyothibitishwa. Wakati wa dhiki, tumaini huweza kuifanya karatasi ya ridhaa isomwe kwa haraka.

Kwa sababu hiyo imani inaweza kuwa nguzo au kuwa pazia. Huwa nguzo inapomwezesha mzazi kusikia neno "hatujui" kutoka kwa daktari bila kuvunjika, kukaa macho usiku wa tisa kama alivyokaa usiku wa kwanza, na kuamua akijua kwamba matokeo hayamo mikononi mwake. Huwa pazia inapotumiwa kufunika hatari, au inapomzuia mtoto mwenyewe kusema kwamba anaogopa. Katika nchi nyingi wazazi ndio wanaotoa ridhaa, lakini watoto wa kuanzia takriban miaka 7 nao huelezwa kwa lugha yao na kuulizwa kama wanakubali.

Historia ya lukemia yenyewe inaonyesha kwamba dini na tiba zimewahi kutembea njia moja. Hospitali ya utafiti ya St. Jude mjini Memphis, Marekani, iliyofunguliwa mwaka 1962, ilianzishwa na mchekeshaji Danny Thomas, mtoto wa wahamiaji kutoka Lebanon, akitimiza nadhiri aliyoiweka akisali wakati wa shida. Katika hospitali hiyo Dakta Donald Pinkel na wenzake walithibitisha mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwamba karibu nusu ya watoto wenye lukemia kali ya limfu wangeweza kuponywa, wakati ambapo madaktari wengi waliuona ugonjwa huo kuwa hukumu ya kifo. Nadhiri ilijenga kuta, na dawa zilizopimwa kwa uangalifu ndizo zilizowatibu watoto.

Katika Uislamu, wanazuoni hufundisha kwamba kutafuta matibabu hakupingani na kutawakali kwa Mwenyezi Mungu. Kwa Wakristo wa kanda hii, hospitali nyingi za kwanza zilijengwa na wamisionari, ikiwemo Mengo mjini Kampala iliyoanza mwaka 1897. Waswahili nao husema kwamba Mungu humsaidia anayejisaidia.

Karibu na nyumbani

Ni rahisi kudhani kwamba majaribio ya tiba za saratani za watoto ni habari za mbali. Sivyo. Mwaka 1958, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji mwenye asili ya Ireland aliyefanya kazi Mulago mjini Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa Kiafrika. Mwaka 1961, yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kuukuu kilomita zipatazo 16,000, kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakizuru hospitali moja baada ya nyingine ili kujua uvimbe huo unapatikana wapi. Burkitt alikuwa Mkristo mcha Mungu ambaye hakuificha imani yake wala hakuitumia mahali pa uchunguzi.

Ugonjwa huo, ambao leo hujulikana kwa jina lake, ni saratani ya limfu, jamaa wa karibu wa lukemia. Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1967, ilikuwa miongoni mwa vituo vya mwanzo duniani vilivyopima jinsi ya kuutibu kwa mchanganyiko wa dawa. Watoto wa kanda hii, basi, wamo katika msingi wa elimu inayotumika leo ulimwenguni kote, ingawa majina yao hayakuandikwa kwenye vitabu.

Kuna kumbukumbu nyingine inayoeleza kwa nini wazazi wengi wa Kiafrika hushtuka wanaposikia neno majaribio. Mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo mjini Kano, Nigeria, kampuni moja ya dawa ya Marekani iliwajaribia watoto dawa mpya, na familia baadaye zililalamika kwamba hazikuelezwa ipasavyo. Kesi hiyo ilichukua miaka mingi. Shaka ya mzazi, kwa hiyo, si ujinga. Dawa yake ni maelezo kamili.

Hata hivyo, kwa familia nyingi za Afrika Mashariki na Kati, swali la leo si kama zitakubali tiba kama ya Emily, ambayo ilitangazwa kwa bei ya dola 475,000 kwa mgonjwa mmoja. Swali ni kama mtoto atafika kwenye tiba ya kawaida na kuimaliza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watoto na vijana wapatao 400,000 hupata saratani kila mwaka. Katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 huponywa, wakati katika nchi nyingi zenye kipato cha chini na cha kati ni chini ya asilimia 30. Miongoni mwa sababu zinazotajwa ni kuchelewa kugunduliwa, ukosefu wa dawa, na familia kuacha matibabu katikati.

Hapa ndipo imani inapokutana na hatari ya kila siku. Lukemia ya watoto ina hila: baada ya mwezi mmoja hivi wa kemotherapi, watoto walio wengi huonekana wazima kabisa. Homa imekwisha, mtoto anacheza, na hata darubini haioni saratani. Familia iliyochoka kulala kwenye sakafu ya hospitali na kulipa nauli huona kwamba dua zimejibiwa. Shukrani hutolewa, ushuhuda husimuliwa mbele ya waumini, na safari za hospitali hukoma. Lakini seli chache zisizoonekana hubaki, na pasipo dawa za miezi inayofuata ugonjwa hurudi ukiwa mkali zaidi. Mtoto huyo hakukosa imani wala tiba. Alikosa kumaliza.

Huduma zipo, na zinaongezeka. Mbali na Kampala, kituo cha saratani cha Butaro, kaskazini mwa Rwanda, kilifunguliwa mwezi Julai 2012, miezi miwili tu baada ya Emily kuamka Philadelphia. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilizindua mpango wenye lengo la kuhakikisha kwamba angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani duniani wanapona ifikapo mwaka 2030.

Maswali ambayo familia ina haki ya kuuliza

Mzazi anayeambiwa kwamba mtoto wake ana lukemia, au anayepewa nafasi ya kushiriki jaribio, anaweza kumuuliza daktari yafuatayo, na arudie hadi aelewe kwa lugha anayoizungumza:

- Hii ni tiba ya kawaida au ya majaribio? Kama ni ya majaribio, lengo lake ni lipi?
- Ni watu wangapi wameshaipata, na iliwaendeaje?
- Tusipoikubali, mtoto atapata matibabu gani mengine?
- Tukikubali leo, tunaweza kujitoa kesho bila mtoto kunyimwa huduma?
- Matibabu yote yatachukua muda gani, na nani atatusaidia nauli, chakula na malazi?
- Je, mtoto mwenyewe ameelezwa?
- Je, kiongozi wetu wa dini anaweza kuja kuketi nasi, na kuna saa anazoruhusiwa kuingia wodini?

Swali la mwisho si dogo. Wauguzi wengi wa wodi za watoto hufahamu kwamba mama aliyeombewa na kusikilizwa huweza kuvumilia miezi mirefu. Shehe au mchungaji anayeiambia familia "maliza dawa, nasi tutaendelea kuomba" anaweza kuokoa maisha kwa sentensi moja.

Emily Whitehead alitimiza miaka 10 bila saratani mwezi Mei 2022, na baadaye alijiunga na Chuo Kikuu cha Pennsylvania, kile kile ambacho maabara yake ndiyo iliyozibadilisha seli zake. Wazazi wake wameendelea kuzisaidia familia nyingine kupitia taasisi yenye jina la binti yao. Usiku ule wa Aprili 2012, hayo yote yalikuwa hayajulikani. Waliyokuwa nayo ni mtoto aliye kwenye mashine, daktari anayesubiri majibu ya damu, na dua.